Nusu Saa ya Same: Ndege, Wapita Njia na Daftari la Shule

Kiswahili kimekiita kiumbe chenye mabawa na chombo kirukacho kwa jina moja: ndege. "Ndege anatua," husema mtoto akimwonyesha mwenzake tawi la mgunga. "Ndege inatua," husema mlinzi wa uwanja akitazama angani. Tofauti ni irabu moja tu ya upatanisho wa kisarufi. Neno hilo lina ukweli ndani yake, maana popote pale binadamu alipofyeka vichaka ili chombo chake kitue, ndege mwenye manyoya alikuwapo kabla ya hapo, na aghalabu hakuondoka. Kiwanja cha ndege, kwa hiyo, ni cha ndege wa aina mbili, na ni aina moja tu kati ya hizo iliyozoea kuandikiwa saa ya kufika na saa ya kuondoka.

Makala haya yanahusu aina ya pili, ile isiyoandikiwa. Hoja yake ni hii: nusu saa anayoipata msafiri akisubiri chombo chake, au mwanafunzi kabla ya kengele ya asubuhi, yatosha kuwa kipande halali cha utafiti wa kisayansi, ikiwa mambo mawili yametimizwa. La kwanza, yaliyoonekana yaandikwe pamoja na muda uliotumika. La pili, maandishi hayo yabaki mahali yalipofanyika. Hilo la pili ndilo lililokosekana kwa muda mrefu zaidi, na ndilo linalostahili kusemwa kwa sauti.

Kwa nini Same

Mji wa Same uko mkoani Kilimanjaro, chini ya milima ya Upare, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha upande mmoja, na Korogwe, Tanga na Dar es Salaam upande wa pili. Reli ya Tanga hadi Moshi nayo hupita hapo. Mji una uwanja mdogo wa ndege, na lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka mjini. Kwa sababu hizo Same ni mji wa watu wanaosimama kidogo kisha wakaendelea: abiria wa mabasi, madereva wa malori, marubani wa vyombo vidogo na watalii waendao hifadhini. Si kila msafiri anaweza kuufikia kwa mapumziko mafupi. Anayesubiri kuunganisha safari katika Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, huhitaji zaidi ya saa mbili za barabara ili kufika Same, naye afadhali atazame nyasi za jirani na hapo alipo. Lakini kwa yule ambaye njia yake inapita Same, nusu saa ya mji huo ina thamani kubwa kuliko nusu saa ya mahali pengi.

Sababu ni jiografia. Milima ya Upare, Kaskazini na Kusini, ni sehemu ya safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kusini-mashariki, hupoa, na kuacha mvua yake huko. Zikishuka upande wa pili zimekauka. Mji wa Same umekaa katika kivuli hicho cha mvua. Uwandani kuna migunga, mibuyu na vichaka vya miiba. Juu, katika msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kuna ukungu, kuvu na miti iliyovaa kuvumwani. Tofauti ya kimo kati ya kituo cha mabasi na kilele hicho ni zaidi ya mita 1,500, nayo hupatikana ndani ya wilaya moja.

Kila tabaka la mteremko huo lina ndege wake. Uwandani, hata pembezoni mwa mji, mtazamaji hukutana na kwezi wenye manyoya yanayong'aa buluu na matumbo ya rangi ya kutu, hondohondo wenye midomo mikubwa iliyopinda, kunguru wenye kifua cheupe, mwewe wanaozunguka juu ya majalala, tetere, shomoro na aina kadhaa za ndege wasukao viota. Kwenye nyasi fupi, kama zile za viwanja, hutembea ndege wa miguu mirefu wenye duara jeupe kichwani mithili ya taji, ambao hupiga kelele mtu akikaribia mayai yao. Kuanzia mwezi wa Septemba hadi Aprili huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwa miongoni mwao. Hifadhi ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, ina zaidi ya spishi 400 za ndege, nayo inapakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Ndege hao hawaulizwi pasi mpakani.

Je, nusu saa si kidogo mno?

Hapa ndipo pingamizi la kwanza hutokea, na ni pingamizi la haki. Mtaalamu atauliza: mtu atajua nini kwa dakika thelathini? Ndege waliojificha hatawaona. Ndege wa usiku hatawaona. Akifika saa sita mchana wakati jua limewaka, atakuta kimya na kudhani kwamba mahali hapo hapana uhai, ilhali saa moja asubuhi palikuwa na kelele tupu.

Yote hayo ni kweli. Lakini yanathibitisha tu kwamba nusu saa moja haitoshi. Hayathibitishi kwamba nusu saa nyingi hazitoshi. Hesabu ndogo inayofaa ubao wa darasa la kidato cha tatu yaweza kuonyesha tofauti hiyo. Chukua mfano wa ndege ambaye yupo mahali fulani, lakini kwa wastani huonekana katika ziara moja tu kati ya tatu. Uwezekano wa kumkosa katika ziara moja ni theluthi mbili, yaani asilimia 67 hivi. Uwezekano wa kumkosa katika ziara tano mfululizo, ikiwa kila ziara inajitegemea, ni theluthi mbili zilizozidishwa zenyewe mara tano, yaani 32 kwa 243, au asilimia 13. Katika ziara kumi, uwezekano huo hushuka hadi chini ya asilimia 2. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo ni kanuni ya nadharia ya uwezekano.

Hesabu hiyo yadai sharti moja: ziara zilinganishwe. Nusu saa ya mtu mmoja isiwe robo saa ya mwingine. Ndiyo maana wataalamu wa Afrika Mashariki waliunda mbinu zinazotegemea saa ya mkononi kuliko kifaa kingine chochote. Katika miaka ya 1980 Profesa Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na wenzake waliieneza mbinu ya kuorodhesha spishi kwa muda maalumu. Mtazamaji hutembea polepole kwa saa moja, iliyogawanywa katika vipindi sita vya dakika kumi. Spishi iliyoonekana kwanza katika kipindi cha kwanza hupewa alama 6. Katika cha pili, alama 5. Na kadhalika hadi alama 1 kwa ile iliyoonekana katika dakika kumi za mwisho. Isiyoonekana kabisa hupata sifuri. Zoezi likirudiwa mara nyingi, wastani wa alama hizo huonyesha ni ndege gani hukutwa upesi na kwa urahisi, na ni yupi huchelewa kuonekana. Anayetumia mbinu hiyo hahitaji kumhesabu kila shomoro.

Mwenye nusu saa anaweza kugawanya muda wake katika vipindi vitatu na kutoa alama 3, 2 na 1, mradi asizichanganye alama hizo na zile za saa nzima. Shule ikifanya hivyo mara moja kwa wiki, mahali pale pale, kwa mihula miwili, itakuwa na jedwali ambalo mtafiti yeyote mwenye shahada kubwa atalisoma kwa makini, kwani yeye mwenyewe hawezi kukaa Same miezi yote hiyo.

Kuandika "hakuna"

Jambo gumu zaidi kumfundisha mtazamaji mpya ni kuandika asichokiona. Mwanafunzi akirudi na ukurasa mtupu huona haya, kana kwamba ameshindwa mtihani. Kumbe ukurasa huo, ukiwa na tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na hali ya hewa, una habari kamili. Unasema kwamba mtu mwenye macho alikuwapo, alitazama kwa muda unaojulikana, na mbayuwayu hawakuwapo. Bila kurasa za namna hiyo haiwezekani kusema mbayuwayu walifika lini, kwa sababu siku ya kufika hupimwa kwa siku zilizotangulia ambazo hawakuonekana.

Saa nayo yataka uangalifu, hasa katika nchi hii. Mgeni ataandika 7, mwenyeji ataandika saa 1, na wote wawili watakuwa na maana moja. Miaka kumi baadaye msomaji wa daftari atadhani kwamba mmoja alitazama asubuhi na mwingine saa saba ya mchana. Shule ichague namna moja ya kuandika saa, iitangaze katika ukurasa wa kwanza, na isiibadilishe.

Majina ni vivyo hivyo. Neno "mwewe" katika vinywa vya watu wengi hufunika ndege kadhaa walao nyama, na "ndege mweusi" si jina la mtu yeyote. Ikiwa mtazamaji hana hakika, aandike alichokiona: ukubwa ukilinganishwa na tetere au kuku, rangi ya mdomo, umbo la mkia, alikokuwa na alichokuwa akikifanya. Ikiwa bibi au babu wa kijijini anamjua ndege huyo kwa jina la Chasu, liandikwe nalo pia, pamoja na maelezo. Maelezo ya kweli yasiyo na jina yana faida kuliko jina la kubahatisha, maana maelezo yaweza kupatiwa jina baadaye, lakini jina la uongo halirekebishiki.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Yako mengi yaliyokwisha kuandikwa kuhusu ndege wa milima ya Upare na Usambara, na historia ya maandishi hayo yafundisha mambo mawili yanayopingana.

La kwanza latia moyo. Mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika katika karne ya ishirini, Reginald Moreau, hakusomea elimu ya wanyama. Alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi za ukaguzi wa hesabu kabla ya kuhamia, mwaka 1928, kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani katika milima ya Usambara ya Mashariki, alikofanya kazi za ofisini na maktaba. Utafiti wa ndege aliufanya kando ya kazi hizo. Sehemu kubwa ya nguvu zake ilitokana na wasaidizi wa Kiafrika aliowafundisha kukaa karibu na viota kwa zamu, wakiandika ni saa ngapi mzazi ameleta chakula na ni saa ngapi ameondoka. Watu hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na subira, macho na saa, na takwimu zao ziliingia katika majarida ya kisayansi ya dunia.

La pili lahuzunisha. Katika misitu ya Upare Kusini anaishi kinengenenge mmoja asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ni ndege mdogo kuliko shomoro, mwenye mgongo wa kijani, tumbo la kijivu na duara jeupe kulizunguka jicho. Katika miaka ya 1930 alipewa jina la kitaalamu na W. L. Sclater, mtaalamu wa London: Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred Moreau, mke wa Reginald. Kwa miongo mingi vitabu vilimhesabu kuwa ni aina ndogo tu ya kinengenenge wa milimani aliyeenea Afrika Mashariki. Uchunguzi wa vinasaba katika karne hii ndio uliowafanya wataalamu wamtambue kuwa spishi kamili. Kwa hiyo wilaya ya Same ina ndege wake yenyewe, kama vile taifa linavyokuwa na bendera yake. Lakini aliyempa jina, aliyeheshimiwa kwa jina hilo, na majarida yaliyomchapisha, wote walikuwa mbali na Upare.

Hapana ubaya katika heshima hiyo, wala haifai kuwalaumu waliofanya kazi njema. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika elimu ya ndege mgeni alikuja, akaona, akaandika, akapanda chombo chake akaenda na daftari, mwenyeji hakupona. Hata leo msafiri anayesimama Same kwa nusu saa akiwa na darubini shingoni huondoka na orodha yake. Huenda orodha hiyo ikafika mahali pazuri: Atlasi ya Ndege wa Tanzania, kazi iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na kuongozwa na Neil na Liz Baker, imejengwa kwa kumbukumbu za wakazi na wapita njia wa namna hiyo hiyo, na faida yake ni kubwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Same aliyetenganishwa na msafiri huyo kwa ukuta wa kituo cha mabasi hapati chochote.

Suluhisho ni rahisi mno kiasi kwamba laweza kudharauliwa. Shule moja mjini Same, au zaidi, ifungue daftari la ndege. Wanafunzi waandike humo kila wiki. Mgeni yeyote mwenye orodha akaribishwe kunakili nusu saa yake humo kabla hajaondoka, nayo shule imruhusu anakili ya kwake. Nakala ya kila mwaka ipelekwe panapohusika, lakini daftari lenyewe libaki. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilieleweka na wengi kuwa ni jembe na shamba la shule. Lakini shule inayozalisha maarifa ambayo taifa halina nayo inajitegemea, tena kwa namna ambayo haiharibiwi na ukame.

Kunguru na injini

Yupo atakayesema kwamba haya ni mapambo, na kwamba nchi yenye mahitaji mengi haina nafasi ya kuhesabu ndege. Mifano miwili yatosha kumjibu.

Wa kwanza ni kunguru. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika miaka ya 1890, kunguru wa India aliletwa Zanzibar kwa nia ya kusafisha takataka za mji. Alistawi. Alivuka hadi pwani ya bara, akajaza Dar es Salaam na Mombasa, na kufuata miji na majalala kuelekea ndani ya nchi. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku, na huwafukuza ndege wenyeji. Kampeni za kumpunguza, zilizofanyika Zanzibar na Dar es Salaam, ziligharimu fedha nyingi, na zilianza baada ya kunguru hao kuwa makundi makubwa. Kumtofautisha na kunguru mwenyeji si kazi ngumu: mwenyeji ana kifua na shingo nyeupe pee, mgeni ni mwembamba zaidi, na shingo yake ni ya kijivu. Same iko kwenye barabara na reli zitokazo pwani. Mji wa namna hiyo wahitaji mtu anayemtazama kila kunguru wa kituo cha mabasi shingoni na kuandika rangi aliyoiona, kila wiki, mwaka hadi mwaka. Kunguru kumi huondolewa kwa siku chache. Kunguru elfu kumi hawaondoleki. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni tarehe iliyoandikwa mapema.

Wa pili ni viwanja vyenyewe. Tarehe 15 Septemba 1988, ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilipokuwa ikipaa kutoka Bahir Dar, kundi la njiwa liliingia katika injini zake zote mbili. Rubani alijaribu kurudi, injini zilizimika, chombo kikatua kwa tumbo na kuwaka moto. Kati ya watu 104 waliokuwamo, 35 walikufa. Hatari ya namna hiyo hupunguzwa kwa maarifa, wala si kwa kuwaua ndege ovyo. Ni lazima kujua ni ndege gani hukusanyika kiwanjani, saa ngapi, katika msimu upi, na kinachowavuta ni nini: nyasi zilizotoa mbegu, wadudu baada ya mvua, maji yaliyotuama, au jalala la jirani linalowaita mwewe na kunguru. Daftari lenye nusu saa mia moja kutoka pembezoni mwa kiwanja ni hati ya usalama.

Vizuizi na majibu yake

Kizuizi kinachotajwa mara nyingi ni ukosefu wa darubini. Chombo hicho chasaidia, lakini kukikosa si sababu ya kutoanza. Kunguru, mwewe, hondohondo, kwezi na viota vya ndege wasukao huonekana kwa macho matupu, na sauti hazihitaji lenzi. Shule yaweza kuanza na spishi ishirini zinazojulikana barabara, na kuongeza nyingine kadiri ujuzi unavyokua.

Kizuizi cha pili ni muhtasari wa masomo, ambao walimu huuona umejaa pomoni. Lakini daftari hili halidai kipindi kipya. Uainishaji wa viumbe, makabiliano na mazingira na ikolojia vimo katika biolojia. Wastani, asilimia, chati na uwezekano vimo katika hisabati. Mvua ya milimani na kivuli chake vimo katika jiografia. Mwalimu anayetafuta mifano huifuata vitabuni kutoka nchi za mbali, ilhali mteremko wenye mifano hiyo unaonekana dirishani.

Cha tatu ni usalama na sheria. Hakuna mwanafunzi wala mgeni apasaye kuingia ndani ya mipaka ya uwanja wa ndege bila ruhusa, wala kuelekeza darubini au kamera kwenye vyombo na walinzi. Kwanza mwalimu apeleke barua kwa wahusika, aeleze nia, na achague mahali pa kusimama nje ya uzio. Kadhalika kuingia Mkomazi na msitu wa Chome kuna taratibu zake. Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, yaweza kufanywa katika uwanja wa shule.

Cha nne hakitajwi sana, nacho ni kizito kuliko vyote: daftari hufa mwalimu aliyelianzisha anapohamishwa. Kwa sababu hiyo lisiwe mali ya mwalimu wala ya klabu. Liwe mali ya shule, liorodheshwe pamoja na vitabu vya maktaba, likabidhiwe kwa maandishi, na kila kidato cha pili kifundishwe kulitumia na kidato cha tatu. Mbinu iwe rahisi kiasi cha kuendelea hata mwaka ambao hakuna mwenye shauku.

Mambo yanayohitajika ni machache: daftari moja lenye jalada gumu, rula ya kuchora safu za tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, jina, idadi na maelezo, na mtu wa kutia sahihi kila ukurasa unapojaa. Hakuna katika hayo kinachosubiri msaada wa nje wala agizo la wizara. Kila nusu saa inayopita Same bila kuandikwa haiwezi kuandikwa tena, kwa kuwa ndege wa leo watakuwa wamekwenda, na pengine kunguru wa shingo ya kijivu atakuwa amekwisha kutua. Walimu wa Same wanaweza kuanza Jumatatu ijayo, na walimu wa Mwanga, Korogwe na kwingineko wakafuata. Wapita njia watakuja kama walivyokuja siku zote. Wakute daftari liko wazi, na mwenyeji wake ameshika kalamu.